"Shii, mama": tuache kuongea Kiswahili na mtoto wetu hapa Ujerumani?

Swali: "Mimi ni wa Tanga, mume wangu ni wa Goma, tunaishi mji mdogo huku jimbo la Sachsen. Mtoto wetu wa kiume ana miaka mitatu na nusu, ameanza Kita, chekechea ya huku, mwezi wa nane. Nyumbani anaongea Kiswahili kama redio, ila kule Kita mwalimu anasema miezi mitano sasa hajafungua mdomo zaidi ya ja na nein, ndiyo na hapana. Wiki iliyopita akatuita, akasema tunamchanganya mtoto, tuanze kuongea Kijerumani nyumbani, Kiswahili kije baadaye. Na Kijerumani chetu chenyewe ni cha ngazi ya kati tu, B1 ya kuungaunga. Juzi kwenye tramu mzee mmoja akatukaripia kwamba hapa ni Ujerumani, panaongelewa Kijerumani, mtoto akasikia. Tangu siku hiyo tukiwa supamaketi nikimsemesha Kiswahili ananiwekea kidole mdomoni, 'Shii, mama.' Mume wangu anasema basi tuache tu Kiswahili, mtoto asije akateseka. Mimi moyo hautaki lakini naogopa kumharibia. Tufanyeje?"

Mdogo wangu, pole. Hiyo "shii, mama" nimeisoma nikaweka simu chini kwanza. Mambo ya Kita yana majibu na nitakupa, lakini mtoto wa miaka mitatu na nusu kumnyamazisha mama yake mbele ya nyanya na vitunguu, hapo kuna kitu kimeshamwingia ambacho hakikutoka kwenye Kiswahili wala kwenye Kijerumani.

Umefunga mambo matatu kwenye furushi moja ndo maana linakulemea. Kuna ukuaji wa lugha ya mtoto, hilo ni la kitaalamu na ndo kazi yangu ya kila siku. Kuna mwalimu kuwaambia muongee nini ndani ya nyumba yenu, hilo ni la haki zenu. Na kuna yule mzee wa tramu, hilo ni la siasa. Watu wengi huku wanayakoroga pamoja, hata walimu wazuri, unakuta mtu anatoa ushauri wa kitaalamu ambao ukiuchunguza chini yake kuna siasa imelala, na yeye mwenyewe hajui.

Nianze na mtoto. Lugha mbili hazimchanganyi, hilo nakwambia bila kumung'unya maneno. Muulize mumeo pale Goma alikua anasikia lugha ngapi, Kiswahili cha mtaani, Kifaransa cha shule, na lugha ya bibi yake kama hawajatoka mbali, nani alimwambia mama yake kwamba anamchanganya? Na wewe Tanga, kama kwenu kulikuwa na mtu wa Kibondei, Kisambaa au Kidigo, ulilala na hiyo ukaamka na Kiswahili, darasani ukakutana na Kiingereza. Ubongo wa mtoto unazitenga lugha mapema sana, anajua kabisa nani anasemeshwa kwa ipi.

Sasa ule ukimya wa Kita. Mtoto anayetumbukizwa sehemu yenye lugha asiyoijua mara nyingi hunyamaza kwanza, wengine wiki chache, wengine miezi kadhaa, na hapo halali, anakusanya. Ni kama mgeni kwenye ngoma asiyoijua, anasimama pembeni anaangalia miguu ya wenzake kwanza. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwalimu ni anaelewa nini, achana kwanza na anasema nini. Wakiambiwa vaeni viatu tunatoka nje, anavaa au anasubiri aone wenzake? Anacheza na nani? Kuna mtoto mwenzake mmoja anayemfuata? Na hili uliulize kwa upole lakini ulisisitize: ni nani kati ya walimu anayekaa naye akamsemesha yeye peke yake, hata dakika tano kwa siku? Maana mtoto mkimya asiyesumbua, kwenye chumba cha watoto ishirini anasahaulika vibaya mno, na mtoto hajifunzi lugha kwa kuisikia ikipita juu ya kichwa chake.

Na siku atakapokuja nyumbani akakwambia "mama, tunaspielen", usishtuke ukasema ndo hivyo kachanganyikiwa. Mtazame alichofanya, kachukua kitenzi cha Kijerumani cha kucheza, akakivalisha "tu" ya sisi na "na" ya sasa hivi, kila kiambishi kimekaa mahali pake! Huyo ni fundi. Hata sisi watu wazima tunasema nitakuforwadia ile voisi na hakuna anayetupeleka kwa daktari.

Kuhusu kuhamia Kijerumani nyumbani, nikupe kitu nilichokiona kwa macho yangu, kwa sababu maneno matupu hayatamtosha mumeo. Kuna mama mmoja alikuja kwangu na ushauri huohuo aliopewa na Kita, na alikuwa ameshaanza kuutekeleza. Nikamwomba ajirekodi kwa simu akiwa jikoni na binti yake, dakika kumi siku ya Kijerumani, dakika kumi siku ya Kiswahili. Ya Kijerumani ilikuwa hivi: chukua hii, vizuri, hapana, moto, weka, vizuri, hapana, njoo. Kati ya neno na neno unasikia maji yanachemka tu. Ya Kiswahili sasa: haya njoo tuchambue mchele, ukiona kijiwe kitoe, bibi yako alikuwa anaupepeta kwenye ungo hivi, pumba zikiruka kuku wote wanakuja mbio, kulikuwa na jogoo mmoja mkorofi huyo, angekuona wewe angekufukuza mpaka chooni. Mtoto akacheka, akauliza jogoo aliitwa nani, akauliza yuko wapi sasa, akauliza kwa nini kuku hana meno, na mama akawa anajibu na kutunga huku anachambua. Tulipoisikiliza pamoja yule mama alinyamaza, halafu akasema sijui nilikuwa namnyima nini mwanangu.

Ukiangalia kitaalamu, kwenye ile rekodi ya Kiswahili kuna "ukiona", kuna "alikuwa", kuna "angekuona", yaani kuna sharti, kuna zamani, kuna kitu ambacho hakipo lakini tunakifikiria. Hiyo ndo mifupa ya lugha, na mtoto akishaijenga kwa lugha moja anatembea nayo kwenda lugha nyingine. Akishajua kusimulia kwa Kiswahili, kwenye Kijerumani anatafuta maneno, kusimulia kwenyewe anakujua tayari. Sasa mkimpa B1 ya kuungaunga mnampa chukua hii, weka, vizuri. Na miaka kumi mbele, nimekaa na familia hizo, kijana ana mambo mazito ya kumwambia mama yake, mama hana Kijerumani cha kuyapokea na kijana hana Kiswahili cha kuyasema, wanaishia kuongea habari ya chakula na chaja.

Lakini nisimwonee mumeo, hofu yake ina msingi. Kijerumani lazima kije na kije kizuri, shule ya huku haina huruma na mtoto ambaye lugha yake ya darasani inayumba. Ila kije kutoka kwa wenye nacho: masaa ya kutosha Kita na yasiwe ya kuruka ruka, mtoto mmoja wa Kita mualikwe kwenu Jumamosi au yeye aende kwao, maktaba ya mji mara moja kwa wiki, klabu ya mazoezi ya watoto. Na nyinyi endeleeni na kozi zenu, mtoto akiona baba na mama wanahangaika na daftari la Kijerumani anajua hiyo lugha inaheshimika nyumbani. Mkitaka kumsomea kitabu kifupi cha Kijerumani kabla ya kulala hakuna dhambi yoyote, nyumba isigeuke kituo cha polisi cha Kiswahili.

Na upande wa pili pia nikwambie ukweli usioupenda: Kiswahili hakitasimama chenyewe kwa sababu tu mmeamua. Mtoto akifika miaka sita saba Kijerumani kitakifunika, ataanza kuwajibu kwa Kijerumani hata mkimsemesha Kiswahili, wengi sana wanafika hapo. Anahitaji kuona Kiswahili kina watu, kwamba hakikai kwenye midomo miwili tu. Bibi wa Tanga kwenye video kila Jumapili, na msimwite tu "msalimie bibi" akapunga mkono akakimbia, bibi amuulize kitu, amdai hadithi. Familia nyingine hata kama iko mji wa pili kwa treni. Na habari ya Kiswahili cha Tanga na cha Goma isiwape shida, wewe useme mtoto yeye aseme mutoto, atazishika zote mbili na atajua ipi ni ya baba.

Haya, mwalimu. Simjui, na wengi wanaotoa huo ushauri wana nia njema, walifundishwa hivyo zamani. Lakini jiulize, mngekuwa familia ya Kimarekani mnaongea Kiingereza nyumbani, angewaambia muache? Wazazi wa Kijerumani wanatafuta kwa tochi Kita za Kijerumani na Kiingereza. Tena wewe uko Sachsen, hapohapo upande wa Bautzen kuna Wasorbi, watu wenye lugha yao ya Kislavi, lugha hiyo inalindwa kisheria, vibao vya barabarani ni vya lugha mbili, na kuna Kita ambazo watoto wanasemeshwa Kisorbi ili kisipotee. Mimi sijasikia mwalimu akiwaambia Wasorbi wanawachanganya watoto. Kwa hiyo ubongo unaobeba Kisorbi na Kijerumani ndo huohuo unaobeba Kiswahili na Kijerumani, kilichobadilika ni nani anaongea. Lugha huku zimepangwa kwenye ngazi, na ukiitazama vizuri hiyo ngazi utakuta ni watu ndio wamepangwa.

Kisheria mwalimu anaweza kushauri, hawezi kuamuru. Katiba ya Ujerumani, ibara ya 3, inakataza mtu kubaguliwa kwa mambo kadhaa na lugha imetajwa humo kwa jina lake, na ibara ya 6 inasema malezi ya watoto ni haki na wajibu wa wazazi. Mwaka 2020 kule Blumberg, jimbo la Baden-Württemberg, mtoto wa shule ya msingi alipewa adhabu ya kuandika insha kwa sababu aliongea Kituruki na mwenzake uwanjani, wazazi wakaenda mahakamani, na mwishowe upande wa serikali ulikubali kwamba ile adhabu haikuwa halali. Na mwaka 2014 chama cha CSU cha Bavaria kiliandika kwenye rasimu yake kwamba wahamiaji wanaotaka kukaa wahimizwe kuongea Kijerumani hadharani na hata ndani ya familia. Kilichekwa nchi nzima, katibu mkuu wa chama ndugu yao, CDU, alisema siasa haihusiki na lugha anayoongea mtu nyumbani kwake, wakabadilisha maneno. Basi hata wanasiasa wa kihafidhina walishaona mpaka uko wapi.

Hii tabia Ulaya iliwafanyia wenyewe kwa wenyewe kwanza. Wales karne ya 19 mtoto akikamatwa shuleni anaongea Kiwelsh alivishwa kibao shingoni chenye herufi W.N., anakaa nacho mpaka amsikie mwenzake akikosea amhamishie, na atakayekutwa nacho jioni anachapwa. Ufaransa walifanya vilevile kwa watoto wa Brittany. Na sisi? Sijui wewe, lakini wengi tuliosoma Tanzania na Kenya tumekivaa hicho kibao, wengine walikiita disk, kosa ni kuongea Kiswahili au lugha ya kwenu kwenye shule ya Kiingereza. Nalisema hili kwa sababu naona sehemu ya hofu yako haijaanzia Sachsen. Tulifundishwa tukiwa wadogo kwamba lugha ya mama ni ya kuficha mkubwa akipita, sasa mwalimu wa Kijerumani akisema neno hilohilo linakuta kiti kimeshawekwa.

Na Kiswahili si mgeni Ujerumani. Mwaka 1887 Berlin walifungua chuo cha lugha za Mashariki na Kiswahili kikaanza kufundishwa humo, kwa sababu maafisa wa koloni walikihitaji, na waliokifundisha walikuwemo watu wa pwani yetu. Mmoja wao ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Alioa mwanamke wa Kijerumani, mwaka 1905 wakasafiri kurudi kwao, serikali ya koloni ikawazuia wasikae kwa sababu ya ile ndoa, wakarudishwa. Baadaye akaja Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, askari tangu akiwa mtoto, naye akafundisha Kiswahili Berlin, Wanazi wakamkamata mwaka 1941 kwa kosa la uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akafia kwenye kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Leo kuna jiwe dogo la shaba lenye jina lake kwenye njia ya waenda kwa miguu pale Berlin. Lugha yao ilitakiwa, wao hawakutakiwa. Enzi za koloni wapo waliopinga hata Mwafrika kufundishwa Kijerumani, waliogopa atajiona sawa nao, sasa leo mtoto wako anakaripiwa kwa kutokiongea. Unaona kwamba tatizo halijawahi kuwa lugha.

Na hapo ndo anaingia yule mzee wa tramu. Watu kama yeye walikuwepo siku zote, ila siku hizi wanajisikia wana ruhusa. Angalia neno "Remigration". Lilikuwa neno la wataalamu wa uhamiaji, maana yake mtu kurudi kwao. Likachukuliwa na watu wa mrengo wa kulia kabisa, wakalitumia kumaanisha kuwafukuza watu kwa wingi, na kwa kuwa linasikika kama neno la chuo kikuu linapita mezani bila kumshtua mtu. Novemba 2023 kikafanyika kikao Potsdam cha kujadili mipango ya namna hiyo, habari ilipofichuka Januari 2024 mamia ya maelfu ya Wajerumani wakaingia barabarani kupinga, na jopo la wataalamu wa lugha linalochagua neno baya la mwaka likalitaja hilo kuwa neno baya la 2023. Hata hivyo Februari 2025 chama cha AfD, ambacho wanasiasa wake wanalitumia neno hilo waziwazi, kilipata asilimia 20.8 ya kura za nchi nzima. Kwa hiyo mzee akifoka kwenye tramu haongei peke yake. Lakini na wale waliojaa barabarani nao ni majirani zako, usiwasahau.

Pale kwenye tramu usibishane naye, hasa kama amelewa au yuko na wenzake. Sogea karibu na dereva au na mama mwingine mwenye mtoto, endelea kumsemesha mwanao kwa sauti ya kawaida, na akitisha au kugusa piga 110, namba ya polisi. Kazi kubwa iko baada ya kushuka. Mtoto wa umri huu akiona mtu mzima amekasirika na hakuna aliyemweleza kwa nini, anajijibu mwenyewe, na jibu lake karibu kila mara ni "ni mimi nimekosea". Mweleze leo hata kama siku zimepita: unamkumbuka yule babu wa kwenye tramu, alisema maneno mabaya, yeye ndiye aliyekosea, mimi na wewe hatukufanya kosa lolote, Kiswahili ni lugha yetu na Kijerumani ni lugha yetu pia. Atakuuliza tena na tena, mjibu vilevile kila mara.

Kwenye supamaketi akikuwekea kidole usimlazimishe wala usimcheke, na usihamie Kijerumani haraka haraka kama mtu aliyefumaniwa. Chuchumaa mwe macho kwa macho, mwambie kwa sauti ya chini umemsikia, halafu mpe kazi kwa Kiswahili hichohicho: nitafutie limau tatu. Wapo wanaoshauri kumwambia Kiswahili ni lugha yetu ya siri. Mimi siupendi kabisa huo ushauri, siri na aibu ni majirani wa ukuta mmoja.

Lini uende kwa daktari? Unaposema nyumbani anaongea kama redio, hiyo ni dalili nzuri kuliko zote, kwa sababu tatizo la kweli la lugha huonekana kwenye lugha zote mbili. Lakini masikio apimwe hata hivyo, na miezi yake ya U8, kile kipimo cha kawaida cha mtoto anayekaribia miaka minne, isipite, umweleze daktari wa watoto hali ilivyo kwa lugha zote mbili. Uende mapema zaidi kama hata kwa Kiswahili bibi yake haelewi nusu ya anayosema, au hafuati maelekezo mepesi, au ameanza kupoteza maneno aliyokuwa nayo. Na kama hadi mwisho wa mwaka huu wa Kita bado amenyamaza kabisa, na unaona ni hofu, mwili unakakamaa, hachezi, hata na mtu anayejua Kiswahili akiwa nje ya nyumba haongei, omba daktari akuandikie kwa mtaalamu wa lugha wa watoto, huku wanamwita Logopädin, na umuulize kama ana uzoefu na watoto wa lugha mbili. Atakayempima Kijerumani peke yake amempima nusu mtoto.

Kita wakiendelea kuwabana, waombeni waandike huo ushauri kwenye karatasi, na mkae na ofisi ya ushauri dhidi ya ubaguzi, ya shirikisho inashauri bure, na Sachsen zipo Leipzig, Dresden na Chemnitz. Lakini kabla ya huko mwende wote wawili kwa mwalimu bila ugomvi, mumwambie Kiswahili kitabaki nyumbani, mmuulize Kita watafanya nini kumletea Kijerumani, na mjitolee siku moja mje na mchezo wa kuimba mliocheza mkiwa wadogo, mwanao asimame na wewe mbele ya wenzake akiwa ndiye anayejua maneno.

Na mumeo usishindane naye. Mwombe tu afanye kile nilichomwomba yule mama, ajirekodi na mwanae dakika kumi kwa Kijerumani, kesho yake dakika kumi kwa Kiswahili cha Goma, wakiwa wanafua au wanaosha vyombo, kazi yoyote. Msikilize rekodi zote mbili nyinyi wawili, mtoto akishalala.